Nguo Nyekundu na Tope la Zuzu

Vijana wangu, ninyi mnaoandika maneno ya kuuzia sabuni na chai, mkija kunisalimu mnanikuta nimekaa kizingitini pa tembe langu hapa Kikuyu ya Dodoma, macho yamefumbwa nusu, mnanong'onezana kwamba mzee amelala. Silali. Huwa nasoma. Nasoma ubao mmoja uliotengenezwa kwa mbao za kasha, ambao mchwa waliumaliza kabla hamjazaliwa. Nikifumba macho tu naukuta palepale, umening'inia nje ya duka la Bwana Salehe karibu na stesheni, na vumbi la Dodoma linapita mbele yake polepole kama mtu asiye na safari.

Zilikuwa zama za Mdachi. Reli ilikuwa bado ngeni, na garimoshi lilipopiga honi hata ng'ombe waliinua vichwa. Bwana Salehe alikuwa muuza nguo. Baba yake alitoka Bagamoyo na misafara, akaugua njiani, akapona, akaoa, akabaki. Bwana Salehe mwenyewe aliandika kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, maneno yakifuatana kama siafu wanaohama. Lakini makarani wa reli, askari wa boma na watoto wa misheni walisoma herufi za Kizungu. Akatafuta mtu wa kumwandikia hizo. Akanipata mimi, niliyeacha shule kabla sijafika mwisho wa kitabu cha pili.

Niliacha kwa sababu homa ilimchukua baba yetu wakati wa kiangazi, na mama akamfuata kabla ya mavuno. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Mika, na Sechelela, aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mwalimu alinisihi nibaki, alisema ningekuwa mwalimu kama yeye. Nilimwambia kwamba Sechelela hali herufi. Akanipa kalamu ya jiwe na kipande cha kibao kilichopasuka, tukaagana.

Baada ya matanga alikuja mjomba wetu kutoka Kibakwe. Hakuwa mtu mbaya, na nawaombeni msimfikirie vibaya. Alikuwa amekwisha kupanga: Mika aende naye milimani kuchunga mbuzi, Sechelela apelekwe kwa shangazi upande wa Bahi, na mimi nitafute kibarua relini. Nilimwomba atuache pamoja. Alitazama dari la tembe, mahali tope lilipoanza kupasuka.

"Nitarudi mvua zikianza," alisema. "Nikikuta una kazi na ndani mna unga, watoto ni wako. Nisipokuta, usinililie."

Basi sasa mnajua kila neno nililoandika kwenye ubao ule nililiandika kwa ajili gani.

Tangazo langu la kwanza lilikuwa la sabuni. Lilikuwa refu kama barua ya posa. Nilisema sabuni ile huifanya nguo iwe nyeupe kama theluji, kitu nilichokisoma kitabuni na ambacho hapakuwa na mtu Dodoma aliyewahi kukiona, nami nikiwamo. Wasomaji walikuwa wachache, kwa hiyo Bwana Salehe alikuwa na mpiga mbiu, Mzee Mayunga. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyebeba mizigo ya misafara tangu ujana wake mpaka reli ilipomnyang'anya kazi. Alikuwa na pembe ya tandala na sauti iliyofika mbali kuliko pembe yenyewe. Hakujua kusoma. Nilimsomea ubao, akaushika moyoni, akaenda kuutangaza sokoni na visimani.

Siku ile ya sabuni pumzi ilimkatikia katikati ya theluji. Akakohoa mpaka akina mama wakamletea maji. Aliporudi dukani alijitupa juu ya mkeka akaniuliza, "Wewe Mgogo wa vitabu, unataka kuniua kwa sabuni?"

Kisha akanifundisha kazi. Alinitwika furushi la nguo za merikani kichwani, akanitembeza hadi kisimani na kurudi huku nikitamka tangazo langu kwa sauti. Kila nilipoishiwa pumzi alisema hapo ndipo pa kukata. Tuliporudi dukani tangazo lilikuwa limebaki na mistari miwili, na theluji ilikuwa imeanguka njiani. Mahali pake tuliweka yangeyange, wale ndege weupe wanaopanda mgongoni mwa ng'ombe, kwa kuwa kila mtu alikuwa amewaona asubuhi ileile. Sabuni ikatoka. Mpaka leo siandiki sentensi ya kuuza kitu bila kusimama na kuitembeza chumbani. Nanyi fanyeni hivyo. Majirani watawacheka, lakini watazoea.

Mengine nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja niliandika kwamba mwavuli wetu hauvuji, na mwaka huo mvua haikunyesha ya kutosha hata kulowesha kuku. Watu waliniuliza kila siku, kwa upole kabisa, kama nimekwisha kuujaribu. Tangu hapo kabla sijasifu kitu hujiuliza mnunuzi atakipima kwa nini, tena lini.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za nguo nyekundu.

Ilikuwa mwaka uleule wa kwanza. Bwana Salehe alisikia kwamba pwani watu wanagombania nguo nyekundu, ile iliyoitwa bendera. Akatia karibu kila alichokuwa nacho katika marobota saba. Yalipofika tukafungua la kwanza alasiri, mlangoni, na rangi ile ikajaa duka zima mpaka nyuso zetu zikawa nyekundu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Nilihisi kama nimeingia ndani ya tunda. Bwana Salehe aliupitisha mkono juu ya kitambaa, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kisipotoka kabla ya mvua, atafunga duka arudi kwa ndugu zake Bagamoyo. Mvua ya Bwana Salehe na mvua ya mjomba zilikuwa mvua moja.

Niliandika, nikitaja kijiji cha Zuzu kilicho upande wetu wa machweo: "Nyekundu kama jua likizama Zuzu. Livae begani." Mayunga aliitembeza akasema pumzi inatosha na nyingine inabaki. Tukatundika jora zima juu ya mlango, likawa linapepea kama ulimi. Ulikuwa mwezi ule ambao mawingu ya nyanda zetu hujikusanya kila mchana, yakakaa juu yetu kama watu waliokuja kuuliza jambo, kisha yakaondoka bila kuuliza.

Watu walikuja. Walisimama mbali, wakatazama, wakaenda zao. Wanawake wenye mitungi walivuka wakapita upande wa pili wa njia. Bwana Salehe alidhani upana wa nguo haukutosha. Mayunga alidhani sauti yake imezeeka. Mimi nilidhani maneno yangu ni dhaifu, nikafuta jua nikaandika moto. Moto ulipokosa kuuza, nikaandika damu ya fahali. Kila nilipoona hainunuliwi niliongeza wekundu. Kosa hilo bado naliona katika kazi zenu: kitu kikikataliwa mnapandisha sauti, wala hamwendi kumuuliza aliyekataa.

Aliyekataa alikuja mwenyewe. Alikuwa Bibi Mbeleje, mfinyanzi wa Zuzu, ambaye siku za soko alileta vyungu. Alivitua mbali na duka akatuma mtu aniite. Nilimwamkia kwa Kigogo, akaitikia, kisha akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja baba yangu. Akauliza kama mama yupo. Nikasema hayupo.

"Ndiyo maana," alisema. "Hakuna aliyekuambia."

Akanieleza, akitazama vyungu vyake wala si mimi, ili nisione haya. Kwamba nyakati za kungoja mvua nyekundu ni rangi ya jua na moto na damu, vitu vinavyofukuza mawingu. Kwamba watu wakienda kuomba mvua huvaa nyeusi, na mnyama wanayemtoa ni mweusi, ili wingu lione rangi yake huku chini na kutamani kushuka. Nami, mtoto wa Kigogo, nilikuwa nimetundika moto mlangoni mbele ya macho ya mawingu, na nikamweka mtu mwenye pembe azunguke nchi nzima akiyapigia kelele yausikie.

"Mambo haya hayako ubaoni, mjukuu wangu," alisema. "Mtu huyasikia akiwa mgongoni mwa mama yake."

Hapo nilikumbuka kitu ambacho sikujua kama ninacho. Nilikumbuka nguo nyeusi ya mama, iliyonuka moshi na maziwa, na mimi nikiwa ndani yake nimebebwa, tunakwenda mahali penye watu wengi walionyamaza. Nilikuwa nimeona weusi tu, na mwanga mdogo ukipita katika nyuzi kama nyota. Sikuwahi kumuuliza mama kwa nini ilikuwa nyeusi. Nilidhani muda upo.

Nilirudi nikaliteremsha lile jora kwa mikono yangu. Bwana Salehe aliponisikiliza alikaa juu ya robota, akashika kichwa. Mayunga alisema yeye ni Mnyamwezi, angejuaje, lakini huyu Mgogo wa vitabu alikuwa wapi wenzake wakifundwa? Kisha akanitazama usoni, akaacha utani.

Siku ya soko iliyofuata nilimngoja Bibi Mbeleje njiani. Nilikuwa nimeikumbuka mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, kwa tope la kufinyangia. Nikamuuliza kama tope lile hutoka. Akacheka. Mikononi hutoka kwa siku nyingi, alisema, lakini likiingia nguoni halitoki mpaka nguo ife. Yeye mwenyewe amekwisha kuharibu nguo ngapi!

Nikamwambia, "Bibi, nisaidie kuziharibu nyingine."

Alinionyesha. Unachemsha magome ya mgunga na matunda yake mpaka maji yawe na rangi ya kahawa. Unaloweka nguo humo. Kisha unaipaka tope jeusi la chini kabisa ya mbuga, lile linalonuka, unaiacha ikauke, unaisuza. Mara ya kwanza nguo nyekundu hutoka na rangi ya ini. Mara ya pili ni kama kahawa iliyokaangwa. Mara ya tatu ni nyeusi, nyeusi ya kweli, yenye wekundu kidogo uliojificha chini kama kaa ndani ya majivu. Bwana Salehe alinipa shuka moja ya kujaribia, akigeuza uso pembeni kama mtu anayemtoa mbuzi wake kwa mgeni. Nilipoirudisha aliipeleka kwenye mwanga, akaikunja, akaikunjua, akasema nichukue zote.

Siku zile za Zuzu ndizo ninazorudia zaidi nikifumba macho. Tulikuwa mimi, Mika, Sechelela, Bibi Mbeleje na wakaza wanawe wawili. Kulikuwa na moshi wa sufuria, na upepo mkavu, na mbuga pana isiyo na mwisho, na juu yake mawingu yanayosita. Tulizianika nguo juu ya vichaka vya miiba, na zilipojaa tukazitandaza kwenye majani makavu, mpaka uwanda ukaonekana una kundi la ng'ombe weusi waliolala. Mika akaanza kuwapa majina. Alikuwa na Mweusi Mkubwa, na Mvivu, na mmoja aliyeitwa Usiniguse. Garimoshi lilipopita abiria walitoa vichwa nje kuwatazama, naye akawapungia mkono kama tajiri. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini kwa siku zile tulikuwa nao, wakicheua polepole katika upepo.

Tuliporudi dukani kukatokea ugomvi. Ubao ulikuwa mtupu. Bwana Salehe alikuwa ameona wingu, ameona nguo, ameona watu wanavyotazama juu, na tangazo lilikuwa limekwisha kujiandika kichwani mwake.

"Andika hivi," alisema. "Vaa nguo hii, mvua inyeshe."

Nilisema siandiki.

"Mwanangu, ni maneno manne tu."

"Ni matano, Bwana. Na mvua si yetu."

"Mvua ikija haitauliza nani aliandika."

"Isipokuja, watu watauliza."

Alinikumbusha habari za mjomba. Alinikumbusha bila ubaya, kama mtu anayekuonyesha shimo. Nilijua alichosema ni kweli. Maneno yale matano yangeuza marobota yote kwa siku mbili, na Mika asingekwenda popote. Mkono wangu ulishika chokaa ya kuandikia, nami nikaona nyuso za wale watu walionyamaza, siku ile niliyokuwa mgongoni. Kama mmoja wao angenunua wingu kwangu, akakaa nalo begani chini ya jua mpaka mtama ufe shambani, ningemwambia nini? Nikasema tena, siandiki.

Aliyetuokoa ni Mayunga. Alisema yeye ndiye atakayepita na kelele hiyo milangoni mwa watu, na mvua isiponyesha yeye ndiye mwenye magoti mabovu ya kukimbilia. Bwana Salehe akacheka bila kupenda, akatupa mikono, akaniambia basi niandike nitakacho, na tukifa njaa tutakufa kwa Kiswahili safi.

Nikaandika hivi. Naweza kuwaandikia tena hata gizani:

"Nguo hii ilikuja nyekundu. Tulikosea.
Tumeipaka tope la Zuzu mara tatu.
Sasa ni nyeusi. Shika. Sugua. Tazama.
Mvua ni ya Mungu. Nguo ni ya Salehe."

Mayunga alitangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo chake kilichovunjika ambacho peke yake kilitosha kuvuta watu. Waliposikia "tulikosea" walisimama. Hawakuwa wamewahi kusikia duka likisema hivyo. Waliposikia mstari wa mwisho walicheka, na kicheko kile kilikwenda visimani kabla yetu. Mzee mmoja alikuja, akatia mate kwenye pindo la nguo, akalisugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu. Alinunua mbili. Kumbukeni kidole gumba kile. Tangazo zuri humwachia mnunuzi kazi ndogo ya kufanya mwenyewe, kwa maana mtu huamini mkono wake kabla ya mdomo wako.

Nguo zilikwisha kabla tone halijaanguka, isipokuwa robota moja. Na mwaka ule mvua ilichelewa sana. Watu wengine walimwambia Mayunga njiani, mzee, hiyo mvua ya Mungu mbona haiji? Naye akawajibu wamuulize mwenyewe, yeye ni wa upande wa nguo. Wakacheka, wakaendelea kungoja, wamevaa. Hakuna aliyekuja dukani na fimbo.

Baadaye nimeandika mengi. Waingereza walipoingia nikaandikia karatasi za kupigwa chapa, na sasa nasikia ninyi mnaandikia redio, na sauti ya Mayunga imeingia ndani ya kisanduku, haihitaji tena maji wala magoti. Ni vizuri. Lakini sijaandika tena kitu kilicho bora kuliko mistari ile minne, na robo yake ni kukiri kosa.

Siku matone ya kwanza yalipoanguka, makubwa na machache, yakitoboa vumbi, mjomba alitokea. Hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja dukani akasimama mbele ya ubao, maji yakimtiririka. Hakujua kusoma. Akanitaka nimsomee. Nikasoma, na chokaa ilikuwa imeanza kuteremka herufi kwa herufi, kwa hiyo mstari wa mwisho niliusoma kutoka moyoni.

"Nani alikuamuru useme mmekosea?" aliuliza.

Nikasema hakuna.

Sechelela alikuwa ameniletea chakula. Mjomba alimshika mikono akaigeuza juu, chini. Kucha zilikuwa bado nyeusi. Akamuuliza ni nini. Sechelela akamwambia ni nguo, zile zote, tulizipaka sisi, na kwamba rangi haitoki, yeye amekwisha kujaribu.

Tulikwenda nyumbani. Mjomba aliinama ndani ya kilindo, chombo cha gome tulichowekea unga, akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuuona unga. Asubuhi alinunua nguo moja kutoka lile robota la mwisho, akajifunga, akachukua fimbo yake. Alituamuru tulikandike paa kabla mvua haijakaza, akatuaga, akashika njia ya Kibakwe peke yake.

Alipokwisha kupotea ndipo Mika alipoona kitu mlangoni. Zilikuwa jozi mbili ndogo za makubadhi ya ngozi ya mbuzi, mpya, zilizokatwa kwa makisio ya macho kwa ajili ya miguu ya watoto wanaokwenda safari ndefu. Alikuwa amekuja nazo kutoka milimani. Hakuzirudisha. Alizipanga kizingitini, upande wa vidole ukielekea ndani.

Ni kizingiti hikihiki.